Somo: Kupunguza usumbufu wa sumaku kwenye kihisi cha nafasi ya lenzi

Wakuu, wengi mnaunda moduli za kamera zenye lenzi inayosukumwa na koili na sumaku, kisha mnashangaa fokasi inatetemeka au inatulia pembeni ya pale ilipotakiwa. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kukimbilia kufunga kinga ya chuma kabla ya kujua usumbufu unatoka wapi. Tuanze na hilo.

Kwanza tukumbushane. Kihisi cha Hall, ndicho tunachotumia kujua lenzi iko wapi, kimepewa jina la Edwin Hall, aliyegundua mwaka 1879 kwamba sumaku huzalisha volti ndogo kwenye kipande kinachopitisha mkondo. Hakipimi umbali. Kinapima uga wa sumaku unaokipitia, basi. Sisi ndio tunaotafsiri uga huo kuwa nafasi ya lenzi, kwa hiyo uga wowote mgeni ukiingia, kihisi kitauhesabu kana kwamba lenzi imesogea.

Hatua ya 1: Geuza usumbufu kuwa umbali. Tuseme lenzi ikisogea milimita 1, uga kwenye kihisi unabadilika militesla 100 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku; militesla 1 ni maikrotesla 1,000). Hapo militesla 1 ya usumbufu ni kosa la maikromita 10. Uga wa dunia, ambao ni kati ya maikrotesla 25 na 65, utakupa kosa lisilofika hata maikromita 1. Fanya hesabu hii kwa namba zako. Inawezekana unachokiogopa hakina uzito wowote.

Hatua ya 2: Mtafute mhusika. Zima koili, acha kihisi peke yake kiwe na umeme, urekodi kipimo. Sogeza moduli mbali na kila chenye sumaku, urekodi tena. Kisha washa koili. Kosa lisilobadilika limetoka kwa sumaku au chuma cha jirani. Linalopanda na kushuka pamoja na mkondo limetoka kwa koili yako mwenyewe. Mimi niliwahi kupoteza siku mbili nikilaumu spika ya jirani, kumbe skrubu za chuma kwenye kibanio changu zilikuwa zimeshika sumaku kutoka kwa bisibisi. Tangu hapo natumia skrubu zisizovutwa na sumaku.

Hatua ya 3: Ongeza umbali kabla ya kuongeza kitu kingine. Uga wa sumaku ndogo, ukiwa mbali nayo kiasi, hupungua kwa mchemraba wa umbali. Ukizidisha umbali mara 2, uga unabaki sehemu 1 ya 8. Milimita mbili za ubao wa sakiti zinaweza kukuokolea gharama yote ya kinga.

Hatua ya 4: Tumia vihisi viwili. Hapa ndipo penye utamu. Weka sumaku ya lenzi katikati na kihisi kimoja kila upande, kwenye mstari wa mwendo, vyote vikielekea upande mmoja. Lenzi ikisogea kuelekea kihisi A, kipimo cha A kinapanda na cha B kinashuka. Uga wa nje unaolingana sehemu zote unavipandisha vyote kwa kiasi kilekile. Toa B kutoka A: mwendo unabaki, usumbufu unafutika. Ukigawanya jibu hilo kwa jumla ya A na B, unapunguza pia athari ya joto, maana sumaku za neodimiamu hupoteza takriban asilimia 0.1 ya nguvu kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Ila ujue mpaka wake: chanzo kikiwa karibu sana, uga wake kwa A si sawa na kwa B, na tofauti hiyo haifutiki.

Hatua ya 5: Ondoa uga wa koili kwa hesabu. Bana lenzi isisogee kabisa. Pitisha mkondo chanya, kisha hasi wa kiasi kilekile, na uandike kipimo cha kihisi kila mara. Nusu ya tofauti ya vipimo, ukiigawanya kwa mkondo, ndiyo namba yako. Programu izidishe namba hiyo kwa mkondo wa wakati huo, na itoe jibu kwenye kipimo. Usiidharau hatua hii. Juu ya masafa ya mwangwi wa lenzi (idadi ya mitikisiko kwa sekunde ambayo lenzi huitikia kwa nguvu zaidi), masafa yakiongezeka mara 2 mwendo wake hushuka hadi robo, lakini uga wa koili unakifikia kihisi vilevile. Huko juu kihisi kinaitazama koili zaidi ya lenzi, na kidhibiti, yaani sehemu inayoamua mkondo wa koili kwa kusoma kihisi, kinaanza kujikimbiza chenyewe.

Hatua ya 6: Kinga, mwisho kabisa. Mumetali (aloi ya nikeli na chuma) au chuma laini huelekeza uga pembeni, lakini kikikaa karibu mno na sumaku ya lenzi kinaivuta, na kinakunyang'anya sehemu ya ishara. Mumetali ikikunjwa baada ya kuchomwa tanurini hupoteza ubora mwingi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, karatasi ya aluminiamu haitoshi kuwa kinga?*
Kwa uga uliotulia hapana, unapita kama vile hakuna kitu. Aluminiamu husaidia pale tu uga unapobadilika kwa kasi, na hata hapo unene una maana kubwa.

*Mkuu, mimi nina lenzi mbili zilizokaribiana. Moja ikisogea, nyingine inadanganya. Nifanyeje?*
Sumaku ya jirani inatembea, kwa hiyo kutoa namba moja tu hakutoshi. Tengeneza jedwali: sogeza lenzi ya pili hatua kwa hatua, ya kwanza ikiwa imebanwa, urekodi kosa kila hatua. Kisha rudia kwa nafasi kadhaa za ile ya kwanza. Programu isome jedwali kufuatana na nafasi ya jirani.

*Nikiweka kihisi chenye unyeti mkubwa zaidi si tatizo litaisha?*
Kitaongeza sauti ya mwimbaji na ya wapiga kelele pamoja, fundi. Kinasaidia kama shida yako ni kelele za amplifaya. Uga mgeni utakuzwa vilevile.

*Simu yangu ikiwekwa kwenye kishikio cha sumaku picha zinatikisika, nikiitoa zinatulia. Kihisi kimekufa?*
Kama zinatulia, kihisi ni kizima. Hamisha kishikio kiwe mbali na kamera.