Kusoma bahari ya kale kwa salfa ya jasi: anzia mashamba ya chumvi ya Gongoni

Mwanafunzi wa jiolojia anayetaka kujua maji ya bahari yalikuwaje mamilioni ya miaka iliyopita hukimbilia mwamba wa kale. Mimi ningemshauri aanzie kaskazini ya Malindi, Gongoni au Ngomeni, ambako bahari yenyewe i mbele ya macho yake na jibu lake linajulikana.

Msimu wa kaskazi, jua likiwa kali, omba ruhusa ya mwenye shamba, kisha yafuate maji bwawa baada ya bwawa. Yakibaki takriban robo ya ujazo wake, jasi (madini ya kalsiamu na salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni) huanza kuganda. Chumvi yenyewe hungoja mpaka yabaki kama sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo jasi itafute katika mabwawa ya kati: ni ukoko unaovunjika kwa mlio chini ya kiatu, ukucha huukwaruza, na ukishausuuza hauna ladha ya chumvi. Chini yake huenda ukakuta tope jeusi linalonuka mayai viza. Humo bakteria hula salfeti, wakipendelea salfa nyepesi ya 32 na kuiacha majini ile nzito ya 34 (ni isotopu, yaani atomi za salfa zilezile zenye uzito tofauti). Chukua ukoko wa juu, tope uliache. Hapa pua ni kifaa kizuri kuliko vingi vya maabara.

Maabarani, saga miligramu 100 za jasi na uziyeyushe katika mililita 100 za maji safi yaliyotiwa asidi ya haidrokloriki kidogo, maana jasi ni nzito kuyeyuka na asidi huondoa kabonati. Chuja, pasha moto karibu na kuchemka, kisha dondosha bariamu kloraidi, ambayo ni sumu, hadi unga mweupe wa bariamu salfeti utulie chini. Uoshe mpaka tone la nitrati ya fedha lisitie weupe katika maji ya kuoshea, uukaushe, na uupeleke kwenye spektromita ya masi, mashine inayopima uwiano wa salfa ya 34 kwa ile ya 32. Namba inayotoka huonyesha uwiano huo umezidi ule wa kipimo cha marejeo kwa sehemu ngapi kwa elfu.

Salfeti ya bahari ya leo ni takriban +21 kwa elfu, na jasi huizidi kwa 1 hadi 1.7, basi jasi ya Gongoni itarajie kati ya 22 na 23. Ukipata 17, kosa litafute mezani kwako kabla ya kugusa mwamba wowote.

Ndipo uende kwenye mashapo ya kale, kama yale ya Mandawa, kusini mwa Tanzania. Chagua jasi au anhidraiti (kalsiamu salfeti isiyo na maji) iliyolala kwa matabaka, si ile ya mishipa iliyopenya baadaye, na pima uwiano wa isotopu za strontiamu yake kuhakikisha kwamba ni ya bahari, si ya ziwa. Mwamba wa kipindi cha Pemiani (takriban miaka milioni 299 hadi 252 iliyopita) hutoa namba za karibu 11, na wa Kambriani (takriban milioni 539 hadi 485) hupita 30. Namba ikipanda, kwa kawaida ni ishara kwamba salfa nyepesi nyingi ilizikwa kama pairaiti, madini ya chuma na salfa. Lakini salfeti hukaa baharini zaidi ya miaka milioni 10, na bahari huchanganyika haraka mno kuliko hapo, hivyo bahari zote huwa na namba moja kwa wakati mmoja. Namba zikipanda upesi ndani ya tabaka chache za bonde moja, shuku wangwa uliofungwa, na ulinganishe na bonde jingine la umri uleule kabla ya kuandika neno kuhusu bahari nzima.