Mzazi anaumwa kijijini na wewe uko Dar? Anzia hospitali ya hukohuko

Simu ikipigwa usiku kutoka kijijini kwamba mzee au mama kazidiwa, wengi wetu tulioko Dar tunakuwa na jibu moja tu, "mpandisheni basi aje Muhimbili". Nawaelewa kabisa maana na mimi nilishafanya hivyohivyo. Mama yuko Lindi, ana presha miaka mingi, siku hiyo kaamka kichwa kinamgonga na miguu imevimba, nikamwambia mdogo wangu mlete. Akakaa kwenye basi mchana kutwa, anashuka Mbagala hata kusimama hawezi, kesho yake tuko kwenye hospitali moja kubwa hapa mjini dokta anamuuliza mama unatumia dawa gani, mama anajibu "zile nyeupe ndogo". Daftari la kliniki limebaki nyumbani, kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati. Barua ya rufaa hatuna. Vipimo vikaanza upya vyote, hela ikatoka, na mwisho wa siku ikabidi tumpigie sista wa kliniki kule kijijini, akafungua rejista yake akatusomea dozi. Dakika tano tu kwenye simu.

Tangu hapo nimebadilisha utaratibu wangu wote, na nauandika hapa kwa sababu naona watu wanapoteza wazazi na hela kwa kosa hilihili.

Kwanza ijue hospitali yenu kabla mtu hajaumwa. Ukienda likizo au msiba tenga asubuhi moja uende ukaione. Ngazi zetu zinaanzia zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, halafu rufaa ya mkoa, kanda, ndo unafika Muhimbili, sasa ujue ya kwenu iko ngazi gani. Na usidharau neno kituo cha afya, vingi siku hizi vina chumba cha upasuaji na mama anajifungua hapohapo kwa operesheni. Sehemu nyingine hospitali kubwa ya eneo ni ya misheni, ukienda kusini utasikia Ndanda, Nyangao, Peramiho, kule Mbulu kuna Haydom iliyoanza 1955, na wilaya ambazo serikali haikuwa na hospitali yake hizi za kanisa ndo zikafanywa hospitali teule ya wilaya. Uliza maswali ya kawaida tu: usiku tabibu anakuwepo au anaitwa kutoka nyumbani? Kuna ultrasaundi? Benki ya damu ipo? Gari la wagonjwa linatembea au limepaki kwenye nyasi? Kliniki ya presha na sukari ni siku gani? Hilo la mwisho ni muhimu sana maana hospitali nyingi ndogo zinatenga siku maalum, mzazi akienda siku tofauti anaweza kukaa foleni na kurudi hajaonwa vizuri.

Wakati uko hapo omba namba ya simu ya mapokezi au ya zamu, na ujitambulishe kwa sista wa kliniki, mwambie mimi ni mtoto wa fulani niko Dar. Wale watu wanawajua wazazi wetu kuliko tunavyodhani. Yule sista wa kwetu anajua mama akisema "niko sawa tu" maana yake hajameza dawa wiki nzima, dokta wa hapa mjini atajuaje hilo?

Halafu daftari. Jamani, daftari! Kila mzazi akitoka kliniki, mjukuu au jirani apige picha ukurasa wa siku hiyo na maboksi ya dawa, majina yaonekane, akutumie WhatsApp. Zihifadhi sehemu moja. Kama nyumbani hakuna simu ya kupiga picha basi mtu asome akiwa anakupigia na wewe uandike, jina la dawa, miligramu, mara ngapi kwa siku, presha ilisoma ngapi.

Kwenye hela sitaongea sana ila kuna mambo matatu. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya msamaha kwenye vituo vya serikali, na mtoto chini ya miaka 5 na mjamzito vilevile, ila mzee anatakiwa atambuliwe, kwa hiyo fuatilia kwa mtendaji wa kijiji na ustawi wa jamii mapema, usisubiri alazwe. Kama hospitali ni ya misheni uliza kwanza, msamaha pale unategemea mkataba wao na serikali. Bima pia, ile CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na kwa kuwa sheria ya bima ya afya kwa wote ilishapitishwa 2023 ulizia kituoni utaratibu wa sasa ukoje. La tatu, kwenye vituo vya serikali usitume hela mkononi mwa mtu kama unaweza kuepuka, mwambie aliyeko na mgonjwa akutumie kontroli namba ulipie mwenyewe kwa simu ukiwa hapa Kariakoo au popote.

Sasa siku ya ugonjwa wenyewe. Mdomo umeenda upande, mkono mmoja hauna nguvu, kifua kinabana, anapumua kwa shida, homa kali na anaongea vitu havieleweki, hapo usiwaze basi kabisa. Hospitali ya karibu kwanza, hata kama ni ndogo, wampime sukari, presha na malaria, wamwekee dripu au oksijeni kama inahitajika. Malaria kali inaua haraka na sindano yake haihitaji bingwa wa Dar, inahitaji mtu afike mapema. Kama ni mjamzito, mama aliyetoka kujifungua au kichanga, pigeni 115, ni bure, ndo mfumo wa M-Mama, wanatafuta gari la wagonjwa na likikosekana wanatuma dereva wa eneo lenu aliyesajiliwa na wao ndo wanamlipa. Waambie watu wa nyumbani waiandike ukutani hiyo namba.

Tabibu akisema hili limetuzidi, usigombane naye na usikimbilie kumtoa mgonjwa kimyakimya. Omba barua ya rufaa. Iwe na vipimo vilivyofanyika na majibu yake, dawa alizopewa na saa alizopewa, na sababu ya kumhamisha. Muombe pia apige simu mgonjwa anakopelekwa, na kama hali ni mbaya asafiri na nesi kwenye gari la wagonjwa. Mara nyingi rufaa ya mkoa inamaliza kazi kabisa, siyo lazima Dar. Ndugu waende kuchangia damu mapema wakiambiwa, damu haiuzwi, mtu akikudai hela ya chupa ya damu mfikishe kwa mganga mfawidhi.

Na kama kweli amefika huku, akitibiwa akapona, kazi haijaisha. Usiondoke bila karatasi ya kuruhusiwa iliyoandikwa matibabu yote, na muulize dokta swali hili, dawa hizi zinapatikana kwenye hospitali ya wilaya? Maana nimeona mzee karudi kijijini na dawa ya mwezi mmoja, mwezi umeisha, haipo kule, akaacha tu bila kumwambia mtu, na pengine ipo nyingine inayofanya kazi ileile ambayo angeipata hatua chache kutoka nyumbani. Hiyo karatasi ipelekwe kliniki ya kijijini wiki hiyohiyo ibandikwe kwenye daftari, ili tabibu wa kule aendelee pale bingwa alipoishia.

Mama yangu kliniki yake ni Jumanne. Mjukuu anampeleka kwa bodaboda asubuhi, na kwenye saa tano napata picha ya ukurasa mpya. Juzi presha imesoma 138 kwa 84, na chini yake sista kaandika kwa kalamu nyekundu, apunguze chumvi.