Kutia Chumvi Bwawa la Koi Mjini Goma

Chumvi haiendi na mvuke. Jua likipunguza maji ya bwawa la koi, wale samaki wa mapambo, chumvi inabaki yote, na anayetupia konzi mbili kila wiki "ili samaki wapate nguvu" baada ya miezi michache ana maji asiyoyajua. Chumvi ni dawa: ina kipimo, siku ya kuanza na siku ya kutoka. Hapa Goma kuna swali linalotangulia hata kipimo: bwawa lako limejazwa maji gani?

Maji ya ziwa Kivu, yawe yamefika kwa bomba, kwa lori au kwa bidoni (dumu) juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, yana madini tele. pH yake ni karibu 9, bikaboneti na magnesiamu ni nyingi, kalsiamu ni kidogo. Kipimo cha upitishaji umeme, ambao hupanda kadiri chumvi na madini yanavyoyeyuka majini, kinaonyesha takriban mikrosiemensi 1,200 kwa sentimita kabla hujatia hata chembe ya chumvi. Maji ya mvua ni kinyume chake: karibu hayana kitu, huwa na asidi hasa moshi wa volkano ya Nyiragongo ukielekea mjini, na yakipita juu ya mabati huchukua zinki, ambayo ni sumu kwa samaki. Majivu yakiwa yamedondoka, acha mvua ya kwanza ioshe paa na imwagike yote kabla hujaelekeza mfereji kwenye tangi.

Kwa hiyo andika namba za mwanzo: pH, amonia, nitriti, bikaboneti na upitishaji umeme. Hii ya mwisho wengi huiruka, kisha kipimo kikionyesha 1,200 wanadhani ni chumvi. Kilo moja ya chumvi katika mita moja ya ujazo huongeza karibu mikrosiemensi 2,000 juu ya ulichoanza nacho. Bwawa la maji ya ziwa lenye gramu 1 ya chumvi kwa lita litasoma kama 3,200. La mvua, 2,000 na kitu.

Ujazo usiukisie. Urefu mara upana mara kina cha wastani: bwawa la mita 4 kwa 2.5 lenye kina cha 0.9 lina mita za ujazo 9. Kama kuta zimejengwa kwa mawe ya volkano na umbo halieleweki, hesabu bidoni wakati wa kujaza. Bidoni 50 za lita 20 ni mita moja ya ujazo. Kosa la kawaida ni kupima kina cha ukuta badala ya kina cha maji, na hapo dozi inaweza kuzidi hata kwa robo nzima bila mtu kujua.

Chumvi inayofaa ni ile ya mawe au ya jikoni isiyo na kitu kingine. Hofu ya madini joto yaliyomo kwenye chumvi ya jikoni imetiwa chumvi: kiasi chake ni kidogo mno kudhuru koi kwa dozi hizi. Cha kuogopa ni dawa ya kuzuia kuganda. Ukiona kwenye mfuko E535 au E536, acha. Jua kali likipiga maji, kemikali hizo zinaweza kutoa sianidi. Usinunue pia chumvi ya ng'ombe, ingawa wafugaji wa Masisi wanaifanya ipatikane kirahisi. Imechanganywa na shaba na zinki, jambo zuri kwa ndama na baya kwa matamvua.

Sasa dozi. Gramu 1 kwa lita, yaani kilo 9 kwa bwawa letu la mfano, inatosha kumkinga samaki dhidi ya nitriti, ile sumu inayopanda kwenye bwawa jipya au baada ya umeme kukatika na chujio kufa. Kloridi ya chumvi hugombea mlango uleule wa matamvua ambao nitriti hupitia. Dalili ni samaki kukusanyika pale maji yanapoangukia huku matamvua yakiwa na rangi ya kahawia badala ya nyekundu. Chumvi haiondoi nitriti, inaizuia kuingia. Chujio bado linahitaji kupona na chakula bado kinahitaji kupunguzwa.

Gramu 3 kwa lita, kilo 27 kwa bwawa hilohilo, ni kwa vimelea vidogo vya ngozi: koi anajisugua ukutani, anaruka bila sababu, utelezi unakuwa kama ukungu wa kijivu mabegani. Damu ya samaki ina chumvi nyingi kuliko maji, hivyo maji humwingia mchana na usiku na figo zinafanya kazi ya kuyatoa. Kwa gramu 3 kazi hiyo inapungua, naye anapata nguvu ya kupambana. Dumisha siku 10 hadi 14. Chawa wa samaki na minyoo nanga, unaowaona kwa macho, hawaondoki kwa dozi hii, kwa hiyo kuongeza hadi gramu 5 au 6 ni kumtesa samaki bure.

Usiitie yote kwa mara moja. Kilo 9 leo, 9 kesho, 9 keshokutwa, ili bakteria wa chujio nao wazoee. Chota maji ya bwawa kwenye ndoo, koroga mpaka usisikie mkwaruzo chini ya mti wa kukorogea, kisha mimina taratibu mahali pampu inaporudishia maji. Chumvi ya mawe ikitupwa nzima hulala chini, na koi, ambaye kazi yake ni kufukunyua sakafu, anaichukua mdomoni na kubabuka. Kabla ya yote hayo toa zeolaiti, yale mawe ya kufyonza amonia, ikiwa iko kwenye chujio, maana chumvi huifanya itapike amonia yote iliyokuwa imeimeza. Ondoa na mayungiyungi. Mabomba yenye zinki nayo yatakula kutu, basi badilisha ya plastiki.

Pampu ya hewa iwake muda wote. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na maji ya hapa hubeba oksijeni pungufu kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja katika sita.

Kwa samaki mmoja mgonjwa, beseni ni nafuu: bidoni tatu za maji ya bwawa, gramu 600 za chumvi, hewa ikitiririka, dakika 10 bila kuondoka. Akilala ubavu, mtoe mara moja hata kama ni dakika ya tatu.

Madini ni suala la wenye maji ya mvua. Bikaboneti ikiisha, pH huporomoka usiku. Ile soda ya mandazi, bikaboneti tupu na si unga wa kuumulia keki, huinua bikaboneti kwa takriban miligramu 18 kwa lita (ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti) ukitia gramu 30 kwa mita ya ujazo. Lenga miligramu 100, na usizidishe gramu 60 kwa mita kwa siku. Chokaa ya ujenzi isikaribie bwawa lenye samaki. Kwa kalsiamu tumia chokaa ya kilimo iliyosagwa tu, ambayo haijachomwa, ikiwa ndani ya gunia jepesi kwenye chujio. Mawe yetu meusi hayatoi kalsiamu ya kutosha.

Mtego mbaya kuliko yote uko hapa. Bwawa la mvua lenye pH 6 na amonia nyingi linaweza kuonekana tulivu, kwa sababu amonia iko katika hali isiyoua. Mtu anaona pH ni ndogo, anaagiza lori la maji ya ziwa, na jioni samaki wanaelea. Kwa joto la nyuzi 24, amonia yenye sumu ni kama asilimia 1.6 ya jumla pH ikiwa 7.5, na kama asilimia 34 ikifika 9. Pima amonia kwanza. Ikiwa ipo, acha kulisha, badilisha maji kidogokidogo kwa maji ya mvua yaliyotiwa soda kidogo, na upandishe pH kwa siku kadhaa.

Chumvi inatoka kwa kubadilisha maji tu. Ukitoa theluthi mara tatu, gramu 3 zinabaki karibu 0.9. Kwa bwawa la mfano kila theluthi ni bidoni 150, na gharama hiyo ya maji ihesabiwe kabla ya kufungua mfuko wa chumvi. Maji unayorudishia kufidia mvuke hayatiwi chumvi. Ukitoa bidoni 50 katikati ya tiba na kurudisha 50, ongeza kilo 3. Ya bomba yatulie na hewa siku moja au mbili klorini itoke. Yale ya chumvi unayotoa usimwagie maharage wala mboga.