Kubadilisha goti au nyonga ukiwa na ugonjwa wa neva unaoendelea: mambo ya kupima kwanza

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Wagonjwa wangu wengi wana magonjwa ya neva yanayozidi polepole, hasa Charcot-Marie-Tooth, ugonjwa wa kurithi ulioelezwa mwaka 1886. Goti likilika huniuliza kama goti bandia litawarudishia mwendo. Upasuaji hubadilisha kiungo, neva zinabaki zilivyo. Kwa hiyo pima kwanza.

Hatua ya 1: Jua maumivu yanatoka wapi. Ya kiungo huja ukisimama au ukipanda ngazi, na hupungua ukikaa. Ya neva huchoma na kuwaka hata umelala. Wengi wana yote mawili, na eksirei haitakutenganishia. Muulize daktari kuhusu sindano ya ganzi ndani ya kiungo. Akikuruhusu, tembea na kupanda ngazi ganzi ikiwa bado inafanya kazi, mtu akiwa kando yako, ukiandika unavyojisikia. Maumivu yakitulia, kiungo ndicho chanzo. Yasipotulia, usikubali kupangiwa tarehe ya upasuaji bado. Angalia na nyonga pia, maana nyonga iliyolika mara nyingi huuma gotini.

Hatua ya 2: Pima misuli ya mbele ya paja. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu na mgonjwa. Keti kwenye kiti kirefu, miguu ikining'inia, kisha nyoosha goti mpaka mwisho na ulishikilie hapo. Mguu ukiishia njiani au ukitetemeka na kushuka, goti jipya nalo litakukunjikia ukisimama. Huenda daktari akafikiria goti bandia lenye bawaba, ambalo ni imara zaidi ila huupa mfupa mzigo mkubwa mahali liliposhikizwa. Fanya mazoezi wiki kadhaa kabla, lakini kwa kiasi: ukiamka kesho yake ukiwa dhaifu kuliko jana, umezidisha.

Hatua ya 3: Wakutanishe madaktari. Daktari wa neva, wa mifupa na wa usingizi wazungumze kabla ya siku yenyewe. Omba kipimo cha neva mapema. Unyayo ukilegea baada ya upasuaji, pawe na cha kulinganisha. Uliza pia kuhusu mkanda wa kuzuia damu unaofungwa pajani, kwa sababu neva dhaifu hazivumilii kubanwa.

Hatua ya 4: Andaa vifaa. Kama vidole havina nguvu, magongo ya kawaida hayatakufaa. Tafuta fremu ya kuegemea kwa mikono kuanzia viwiko. Nenda hospitali na viatu vyako na kifaa chako cha kushikilia kifundo, ili usimamishwe mapema, maana kitanda humaliza misuli haraka. Kifaa kipya kisubiri, kwani mguu ukinyooshwa vipimo hubadilika. Barafu isiguse ngozi yenye ganzi moja kwa moja, na visigino vikaguliwe kila siku.

Hatua ya 5: Amua wakati. Watu huambiwa wasubiri mpaka washindwe kabisa. Kwa ugonjwa unaoendelea siungi mkono ushauri huo: misuli utakayoihitaji kuinuka inapungua huku ukisubiri. Kama hatua ya 1 imeonyesha kiungo na ya 2 imeonyesha misuli ipo, peleka maandishi yako kwa daktari wa mifupa na umuulize ameshawafanyia upasuaji huu wagonjwa wangapi wenye hali kama yako.