Mapande meusi juu na chini ya muvi: usivute picha, jua kwanza nani kayaweka

Wadau wa kusini, msimu wa korosho ukichanganya watu wananunua TV, na TV ikishafungwa tu ukutani swali linalokuja kwa sisi tunaoingizia watu muvi kwenye flashi hapa Mtwara ni lilelile, "mbona picha haijai, juu na chini kuna mapande meusi, au nimeuziwa mbovu?" Hamna mbovu hapo mjomba. Tatizo vijana wengi wanachukua rimoti wanavuta picha mpaka ijae, mteja anaondoka anashukuru huku muvi nzima watu wana vichwa virefu na matairi ya gari yamekuwa mayai. Hiyo sio kutengeneza.

Iko hivi. Muvi nyingi kubwa zimepigwa kwa picha pana sana, upana mara 2.39 ya kimo. Zamani muvi zilikuwa karibu mraba, TV zilipoanza kujaa majumbani Hollywood ikaona watu hawaji tena sinema, mwaka 1953 wakaleta CinemaScope, picha pana ambayo TV ya sebuleni haiwezi. Ugomvi wao ule ndo unatusumbua sisi leo. TV flati ni 16 kwa 9, yani 1.78, ile ya chogo ni 4 kwa 3, yani 1.33. Picha ya 2.39 haiwezi kukaa kwenye 1.78 bila kitu kubaki juu na chini, labda uikate au uivute.

Sasa kabla hujagusa chochote ujue hayo meusi kayaweka nani. Ifungue faili kwenye VLC, programu ya kuchezea video ya kompyuta, usiifanye ijae skrini, iache kwenye kidirisha kidogo, af angalia ukubwa wake kwenye taarifa za kodeki. Ikiandika 1920 kwa 800 au 804, faili haina meusi kabisa, ni TV inayojazia, hakuna cha kukata. Ikiandika 1920 kwa 1080 na bado unaona meusi, basi yamechomelewa ndani ya picha, kuna mtu alikonveti akayapika humo. Na kuna ile mbaya zaidi, meusi pande zote nne, picha imekaa katikati ya skrini imezungukwa. Hiyo muvi pana iliwekwa kwenye umbo la chogo, mwingine akaja akaiweka tena kwenye umbo la flati, kila mmoja kaongeza yake. Ya namna hii ndo inafaidika sana ukiikata.

Kipimo cha kujua kama picha imevutwa ni rahisi, tafuta kitu cha duara, mpira, tairi, saa ya ukutani, mwezi. Kiwe kimetazama kamera moja kwa moja na kiwe katikati ya skrini. Simamisha muvi, weka rula kwenye skrini, pima upana na kimo. Vikilingana uko salama. Macho yanadanganya, hasa ukiwa umeangalia picha mbovu wiki nzima unaizoea.

Kukata yaliyochomelewa, kwa wasiopenda kuandika andika chukua HandBrake, programu ya kukonveti video, ni ya bure. Fungua faili, nenda Dimensions, kwenye Cropping yenyewe inakisia na kukuwekea namba za juu, chini, kushoto, kulia. Muvi ya 1920 kwa 1080 yenye picha ya 2.39 utaona kama 138 juu na 138 chini, ikiwa ya 2.40 ni 140 na 140. Kwenye 1280 kwa 720 ni 92 na 92. Ukiona imekupa juu 138 chini 60 usibonyeze Start, kuna kitu kinaizingua, mara nyingi ni maandishi ya tafsiri yaliyochomelewa kwenye lile pande jeusi la chini. Hapo uamuzi ni wako, ila mi nashauri acha pande la chini lilivyo kata la juu tu au usikate kabisa, maana mteja wa Newala anayefuatilia muvi ya Kikorea kwa kusoma, ukimkatia maandishi umemkatia muvi. Pia muvi zenye giza sana zinaidanganya programu ikadhani giza ni pande jeusi ikakata mpaka vichwa vya watu, na zipo muvi ambazo picha yenyewe inapanuka na kusinyaa katikati ya stori, hizo weka None uziache.

Kwa wanaopenda ffmpeg, programu ya kukonveti kwa kuandika amri, kwanza iulize yenyewe ikupe namba, iruke dakika kumi za mwanzo maana kule ni majina na giza tupu:

ffmpeg -ss 600 -i muvi.mp4 -t 60 -vf cropdetect -f null -

Itatiririsha mistari mingi, angalia namba inayojirudia, mfano crop=1920:800:0:140. Maana yake upana 1920, kimo 800, anza kushoto 0, shuka 140. Ndo unakata:

ffmpeg -i muvi.mp4 -vf "crop=1920:800:0:140,setsar=1" -c:v libx264 -crf 20 -c:a copy mpya.mp4

Namba za upana na kimo ziwe shufwa siku zote, ukiweka 801 crop itaishusha yenyewe iwe 800.

Sasa DVD, hapa ndo wengi wanapotea. DVD ya PAL, mfumo wa video unaotumika kwetu, picha yake imehifadhiwa 720 kwa 576 hata kama muvi ni pana, imebanwa kwa makusudi, halafu ndani ya faili kuna maelekezo yanayoiambia deki "ukionyesha ipanue iwe 1024 kwa 576". Deki inaelewa. TV nyingi za bei rahisi zikisoma flashi hazielewi, zinaonyesha ilivyobanwa, watu wanakuwa wembamba kama mlingoti. Dawa yake sio rimoti, kwenye HandBrake palepale Dimensions weka Anamorphic iwe None, upana 1024, kimo itajipa yenyewe, ikiwa umekata meusi ya 2.39 itakuja kama 428. Faili ikitoka hivyo haihitaji maelekezo yoyote, TV yoyote itaionyesha sawa. Kama faili iko vizuri ila maelekezo tu ndo yamekosewa, jaribu kwanza hii, haikonveti upya, inamaliza muda mfupi sana na mara nyingi inatosha:

ffmpeg -i muvi.mp4 -c copy -aspect 16:9 mpya.mp4

Kuna mteja utamweleza yote haya na bado anataka ijae, hela ni yake. Basi mkatie pembeni badala ya kumvutia. Kujaza TV flati kwa muvi ya 2.39 unapoteza kama robo ya picha, pembeni huku na huku, inavumilika. Kujaza chogo unapoteza asilimia 44, unakuta watu wawili wanaongea na hawaonekani wote wawili, unaona pua na ukuta. Kwa wenye chogo, na vijijini Tandahimba huko bado zipo nyingi tu, mi nafanya katikati, nakata kidogo pembeni na naacha meusi kidogo:

ffmpeg -i muvi.mp4 -vf "crop=1422:800,scale=640:360,pad=640:480:0:60,setsar=1" -c:v libx264 -crf 20 -c:a copy chogo.mp4

Hiyo ni kwa faili la 1920 kwa 1080 lenye meusi au la 1920 kwa 800, yote inakubali kwa sababu inakata kutokea katikati. Meusi yanabaki 60 juu na 60 chini badala ya 106, na sura za watu zinaonekana. Kumbuka chogo inameza kingo za picha, kama kuna maandishi yasikae chini kabisa.

Wenye vibanda umiza mnaotumia projekta msihangaike na haya, meusi kwenye shuka nyeupe gizani hayaonekani sana, kuza picha kwa lenzi mpaka upana ujae shuka, meusi yaangukie ukutani basi.

Mwisho usikonveti muvi ya saa mbili na nusu ndo uende kujaribu. Ongeza -t 120 kabla ya jina la faili mpya upate dakika mbili, mpe mteja akaichomeke kwenye TV yake yeye, sio yako. Na kama flashi yake imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32 faili ikifika GB 4 haiingii, hapo ile namba ya crf, ambayo ndo ya ubora, ipandishe kutoka 20 kwenda 23 faili ipungue.