Mvinyo wa Kila Siku kwa Bei Nafuu: Mwongozo kwa Watu wa Kigoma Waishio Ughaibuni

Chupa ya mvinyo inayouzwa paundi 6 katika supamaketi ya Uingereza haina mvinyo wa paundi 6 ndani yake, na mwenzetu aliyetoka Mwanga, Gungu au Ujiji akilielewa jambo hili moja atanunua vizuri kuliko wenyeji wengi wa huko. Katika hizo paundi 6, paundi 1 nzima ni VAT, na karibu paundi 3 ni ushuru wa bidhaa, ambao tangu Agosti 2023 hukokotolewa kwa kiwango cha kilevi kilichomo, wala si kwa bei ya chupa. Zinabaki paundi 2 na ushei, na hizo ndizo zinazolipia kioo, kizibo, lebo, usafiri na faida ya mwenye duka kabla mkulima wa zabibu hajapata chake. Sasa chukua chupa ya paundi 9 yenye kilevi kile kile. VAT inapanda hadi paundi 1 na nusu, lakini ushuru hauongezeki hata peni moja, kwa hiyo zinabaki zaidi ya paundi 4 na nusu. Umeongeza nusu ya bei, na fedha inayobaki kwa ajili ya mvinyo na safari yake imezidi mara mbili. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba aliyeko Uingereza na bajeti ndogo anunue chupa mbili za paundi 9 badala ya tatu za paundi 6, kwa kuwa fedha ni ile ile na tofauti mezani ni kubwa mno.

Hesabu hiyo haihamishiki kwenda nchi nyingine. Ujerumani haitozi ushuru wa bidhaa kwa mvinyo usio na povu, hivyo chupa ya euro 5 au 6 huweza kuwa nzuri kabisa. Ule wenye povu ndio unaotozwa euro 1.02 kwa chupa, kwa ushuru ulioanzishwa mwaka 1902 kugharimia jeshi la majini la mfalme na ambao bado unatozwa hadi leo. Aliyeko Sweden hana duka la kuchagua, kwa sababu mvinyo huuzwa na Systembolaget, shirika la serikali, lakini wahudumu wake wamefunzwa vizuri. Mwambie mhudumu bei unayoiweza na chakula utakachopika, bila haya yoyote.

Jambo la pili linalokula fedha ni jina. Majina ya maeneo ya Ufaransa kama Champagne, Chablis, Sancerre na vijiji mashuhuri vya Bordeaux yana sifa ambayo mnunuzi huilipia kabla hajafungua chupa, na kwa meza ya kila siku sioni sababu ya kuilipia. Mwenye sherehe ndogo ya ubatizo anaweza kuchukua Cava ya Hispania au Crémant ya Ufaransa, ambazo povu lake hupatikana kwa kuchachushwa mara ya pili ndani ya chupa, kama Champagne yenyewe. Kwa mvinyo mwekundu, tafuta mvinyo wa zabibu ya Garnacha kutoka Calatayud au Campo de Borja huko Hispania, mivinyo ya Alentejo na Dão ya Ureno, au ile ya Languedoc, kusini mwa Ufaransa. Kwa mweupe, mimi hupendekeza kwanza Chenin Blanc ya Afrika Kusini, na sababu yake moja ni ya nyumbani: zabibu hiyo hiyo hulimwa Dodoma, kwa hiyo aliyewahi kuonja mvinyo mweupe wa Dodoma huenda akakutana na harufu anayoifahamu.

Hata hivyo bei nzuri haina maana kama mvinyo unagombana na chakula, na hapa miongozo mingi ya Ulaya haitusaidii, kwa kuwa imeandikwa kwa ajili ya jibini na nyama ya ng'ombe. Sisi tunapika migebuka, dagaa na sombe, na tunapika kwa mawese. Mawese ni mafuta mazito yenye ladha yake kamili, na kinachoyakabili ni uchachu. Chovya tonge la ugali wa muhogo kwenye mchuzi wa mgebuka, utafune, kisha unywe funda moja la mvinyo mweupe mchachu uliopoa, kama Muscadet ya Ufaransa au Vinho Verde ya Ureno. Mafuta yaliyogandia kwenye kaakaa hukatika, na mdomo huwa mwepesi kulipokea tonge la pili. Ukifanya jaribio hilo hilo kwa mvinyo mwekundu mzito, wenye ule ukakasi unaokausha ufizi, mara nyingi samaki huacha ladha ya chuma mdomoni, na kwa dagaa wakavu kasoro hiyo huzidi. Anayeng'ang'ania mwekundu na samaki achague mwepesi, kwa mfano Beaujolais, auweke kwenye friji nusu saa kabla ya kula.

Pilipili nayo ina sharti lake. Kilevi kingi huuchochea ukali, kwa hiyo mvinyo wa asilimia 14 na nusu pamoja na kachumbari ya pilipili mbuzi ni mateso matupu. Hapo mvinyo mweupe wa Riesling wa Ujerumani wenye utamu kidogo na kilevi cha asilimia 9 au 10 hutuliza vizuri sana. Mivinyo myekundu ya Garnacha na Malbec iwekee nyama choma.

Mbele ya rafu, usipime ubora kwa uzito wa kioo, na usiudharau mvinyo wenye kizibo cha kuzungusha, maana kizibo hicho huulinda vizuri mvinyo unaonywewa mapema. Neno «Reserva» kwenye mvinyo mwekundu wa Hispania lina maana ya kisheria, yaani umehifadhiwa angalau miaka 3, na mmoja kati ya hiyo ndani ya pipa. Neno «Reserve» kwenye chupa ya Marekani halikuhakikishii chochote. Kwa mvinyo mweupe wa bei nafuu chukua wa mavuno ya karibuni. Boksi la lita 3, ambalo ni sawa na chupa 4, linamfaa sana anayeishi peke yake na kunywa glasi moja jioni, kwa sababu mfuko wa ndani hunywea kila unapomimina, hewa haiingii, na mvinyo hudumu wiki kadhaa. Chupa iliyofunguliwa irudishie kizibo na uiweke kwenye friji, hata kama ni ya mwekundu, na uimalize ndani ya siku tatu hadi tano.

Ukiwaalika watu wa nyumbani, kumbuka kwamba wengi wetu ni Waislamu, na walokole pia hawanywi. Weka juisi ya ukwaju au ya nanasi mezani tangu mwanzo, katika glasi nzuri kama zile za mvinyo, ili mgeni asilazimike kuomba wala kujieleza.

Anayerudi likizo na chupa za kuwazawadia shemeji au mjomba azingatie kwamba kanuni za forodha za Afrika Mashariki humruhusu msafiri mtu mzima lita 2 za mvinyo bila ushuru, zinazotosha chupa mbili za kawaida. Zifunge katikati ya nguo ndani ya begi kubwa. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200, na joto la behewani mchana huuharibu mvinyo mwepesi kwa urahisi, kwa hiyo beba mwekundu mzito, weka begi chini ya kiti mbali na dirisha, na ukifika usiliache kwenye gari wakati unasalimia ndugu.