Vidole visuke, macho yabaki kwa mtoto

Nina watoto watatu. Mkubwa ana miaka 8, wa kati ana miaka 4 na nusu, na kitinda mimba ametimiza miezi 10, anatambaa nyumba nzima. Tunakaa Micheweni, kaskazini ya Pemba, upande wa uwanda ambako udongo ni mwembamba na jiwe haliko mbali. Nyuma ya nyumba nina matuta sita ya mboga, na ukumbini pana ukili wangu, mkanda wa kusuka unaoshonwa kuwa mkeka, ambao tangu niolewe haujapita mwezi bila kuwapo. Mashoga zangu huniuliza wakati naupata wapi. Naandika haya kwa aliye na mtoto mapajani na bado anatamani kusuka na kulima.

Kwanza, usiigawe siku mafungu matatu yaliyo sawa. Nilijaribu nilipokuwa na mtoto mmoja: asubuhi bustani, mchana ukili, jioni mtoto. Haikutimia wiki, kwani mtoto hajui zamu. Nilichokuja kukifahamu ni kuwa kila kazi ina tabia yake. Ipo inayokubali kuachwa katikati na ipo isiyokubali. Kusuka ukili kunakubali: unasuka shubiri moja, unanyonyesha, unarudi baada ya saa nzima unaukuta vile vile. Kutia rangi hakukubali, kwa sababu sufuria iko motoni. Kupalilia kunakubali. Kuatika hakukubali, maana mche uliokwisha kung'olewa hauwezi kungoja mtoto abembelezwe. Basi kazi zinazokubali nazifanya watoto wakiwa macho, na zisizokubali nazingojeshea wakati mkubwa yuko skuli au chuo cha Kurani na wadogo wamelala. Mengine yote yanatokana na hilo.

Nianze na ukili, ndio moyo wangu ulipo.

Kwa mikeka ya kulalia na misala napenda ukindu, majani ya mkindu, kwa sababu ni laini. Miyaa, majani mengine ya kusukia, ni migumu zaidi, naiweka kwa vikapu na majamvi. Mkindu hupenda mabonde yenye maji, na hukatwa chipukizi likiwa bado limefumba. Shina moja usilikate mara mbili mfululizo. Mkindu huota kwa vichaka, kwa hiyo zunguka, ulipokata leo paache papumue. Nyumbani napasua majani, nayaanika juani na kuyaacha yapate na umande wa usiku, siku tano hadi saba, mpaka yawe meupe. Hapo ndipo nayachana kwa ukucha wa kidole gumba, kila uchane upana wa ukucha wenyewe.

Mwaka niliomzaa wa kati nilipoteza mzigo mzima. Ilikuwa Aprili, masika yamepamba moto, na mimi niko arubaini. Ukindu uliwekwa ndani ukiwa na unyevu kidogo tu, umefungwa kitita. Nilipoufungua ulikuwa na madoa meusi mpaka katikati, na doa la ukungu halitoki hata kwa rangi. Tangu hapo naanika akiba yangu yote ya mwaka wakati wa kaskazi, kati ya Disemba na Februari, jua likiwa kali na hewa kavu, kisha naitundika darini juu ya jiko, moshi uipitie. Masika yakiingia mimi niko ndani nasuka, na bustani inanyeshewa na Mungu.

Sasa kusuka kwenyewe, na hapa nakuomba utulie. Bibi yangu mzaa mama alisuka usiku kabla umeme haujafika kijijini kwake. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga uliifikia Pemba mwaka 2010, na yeye alikwisha kusuka umri mzima kwa kibatari, mara nyingi bila hicho kibatari, kwa sababu mafuta yalikuwa ya kubania. Vidole vyake vilijua. Mimi nilidhani ni sifa ya watu wa zamani tu, mpaka nilipopata mtoto anayetambaa, nikaona kuwa ndiyo elimu niliyokuwa nikiihitaji. Ukiweza kusuka bila kuangalia, macho yako ni ya mtoto.

Anza na chane 7. Idadi lazima iwe witiri, isiyogawanyika kwa mbili. Shika 4 kulia na 3 kushoto. Uchane wa nje kabisa wa kulia upite juu ya jirani yake, chini ya unaofuata, juu ya ule mwingine, usimame katikati. Sasa kushoto ndiko kwenye 4, na uchane wake wa nje unafanya safari ile ile: juu, chini, juu, katikati. Unaendelea hivyo, kulia na kushoto, na kila baada ya safari unavuta kidogo kwa kidole cha kati ili ukili usilegee. Uchane ukikaribia kwisha, ingiza mpya chini yake, viende pamoja safari mbili, ncha zibaki upande wa nyuma, utazikata baadaye.

Ukishaizoea, funga macho usuke shubiri moja, kisha fungua uangalie. Mara ya kwanza utakuta umeruka. Fumua, rudia. Mimi ilinichukua kama wiki tatu za jioni, na kilichonisaidia ni kutamka kimoyomoyo "juu, chini, juu". Siku moja niligundua kuwa nimesuka nusu pima (pima ni dhiraa 4) huku nikimtazama wa kati anavyopanga kauri mlangoni, na ukili umenyooka.

Na utaitwa katikati, hilo halina shaka. Usiache kazi popote tu. Mimi namalizia upande wa kulia kila mara, kisha nabana mwisho kwa kibanio cha nguo. Nikirudi, hata kesho yake, sina la kukumbuka: zamu ni ya kushoto. Kabla sijaanza tabia hii nilikuwa nafumua kila niliporudi, na nadhani nusu ya wakati niliolia kuwa sina ulikuwa ukipotelea hapo.

Ukindu mkavu hukatika, kwa hiyo hulowekwa kwanza. Ndoo ya maji na mtoto wa kutambaa havikai chumba kimoja. Hilo sina mjadala nalo, mtoto mdogo huzama kwenye maji ya kiasi cha shubiri. Nazichovya chane bombani kwa dakika chache, nazizungushia kitambaa kibichi, zinabaki laini asubuhi nzima bila ya ndoo.

Mkeka wa dhiraa 4 kwa dhiraa 2 na nusu (dhiraa ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole), kwa ukili wa upana wa vidole vitatu, unataka pima 20 hivi, nami huongeza 2 kwa mapindo. Kwa watoto wadogo hesabu nusu pima kwa siku, baadhi ya siku hata hiyo huipati. Ni wiki sita au saba. Mteja akitaka kwa wiki mbili, mwambie tangu mwanzo kuwa haiwezekani. Kushona ni kwa usiku, wamelala wote, kwa sababu shazia, sindano ya kushonea mikeka, ni ndefu na inang'aa, na chochote kinachong'aa mtoto wa miezi 10 anakipeleka mdomoni.

Rangi natia mara moja kwa miezi miwili, siku ambayo mama mkwe anaweza kukaa na wadogo. Rangi ya unga ya dukani, sufuria yake yenyewe isiyopikiwa chakula, na maji yake nayamwaga mbali na kisima na mbali na mboga. Manjano ya jikoni pia hutoa rangi nzuri, ila jua huipausha upesi, kwa hiyo itumie kwa kawa la kufunikia chakula au kitu kitakachokaa ndani.

Bustani nayo ilinitaka nichague mazao kwa tabia. Nikiwa na mtoto anayenyonya silimi tungule (nyanya). Nazipenda, lakini zinataka miti, kufungwa, kuangaliwa wadudu kila siku, na ukizisahau siku mbili zinakulipiza. Nalima matembele, ambayo unakata nayo yanachipua tena. Nalima mchicha, unaovunwa kwa wiki tatu au nne, na muhogo pembezoni kwa ajili ya kisamvu. Bamia nalima kwa sababu ya wa kati. Mbegu yake ni kubwa, mkono mdogo unaishika, na tukiiloweka usiku inaota kwa siku chache, kabla mtoto hajakata tamaa. Ana tuta lake, dhiraa 2, na hakuna anayeligusa bila ruhusa yake. Mbegu ya mchicha ni nyembamba mno, ukimpa mtoto anaimwaga yote mahali pamoja. Ichanganye na mchanga mkavu, konzi moja ya mbegu kwa konzi tano za mchanga, ndipo umpe. Pilipili mbuzi ziko upande wa pili wa ua, nyuma ya makuti, kwa sababu ya macho ya watoto.

Kilichoiokoa bustani yangu katika ardhi hii ya mawe ni makumbi, maganda ya nje ya nazi. Kila nyumba hapa inakuna nazi, na makumbi hutupwa au huchomwa. Naomba kwa majirani. Nayaloweka siku mbili kwenye pipa lenye mfuniko uliokandamizwa kwa jiwe. Kisha nachimba tuta kina cha mkono mpaka kiwiko, au pale jiwe linaponizuia, na kuyapanga chini, upande wa shimo ukitazama juu kama vikombe, halafu samadi ya ng'ombe, halafu udongo. Yale makumbi hunywa maji na kuyatoa taratibu. Tuta la namna hiyo linavumilia siku mbili bila kumwagiwa hata kaskazi, lisilo nayo hunyauka kabla ya alasiri. Siku mbili hizo kwa mama ni kitu kikubwa: ndizo siku mtoto ana homa na huwezi kutoka. Usumba (nyuzi za makumbi) uliofumuka nautandaza juu, karibu na mashina, na vipande vya ukindu vilivyobaki ndivyo kamba zangu za kufungia.

Namwagia baada ya sala ya alfajiri, kabla ndani hakujachangamka, na tena baada ya alasiri pamoja na watoto. Wa kati ana kopo la maziwa nililolitoboa kwa msumari, na huchukua muda mrefu kuliko mimi. Namwacha. Huo muda wake wa kuzunguka tuta ndio muda wangu wa kupalilia, na kitinda mimba yuko mgongoni kwa kanga. Maji ya kuoshea mchele huenda bustanini, ya sabuni hayaendi.

Mkubwa nimemwanzia kwa kuti bichi la mnazi, si ukindu. Kuti ni pana, halikatiki ovyo, na kosa linaonekana. Alisuka pakacha dogo la kubebea mabilinganya, likakaa upande, akataka kulitupa. Nilimkalisha tukalifumua pamoja mpaka pale alipopitisha majani mawili chini badala ya moja, nikamwekea kidole pale pale, nikanyamaza. Aliliona mwenyewe. Sasa ndiye anayenipangia chane kwa upana kabla sijaanza kusuka, kazi ambayo ilikuwa ikinila nusu saa.

Halafu kuna mwezi. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka sana, na huku kwetu hukauka kama saa nne au saa tano asubuhi. Wanawake wengi wamo pwani kwenye kilimo cha mwani, nami nina kamba zangu chache za kuupandia huko. Siku hizo ukili haufiki hata shubiri mbili, na bustani hupata maji ya alfajiri tu. Sihesabu kuwa nimechelewa. Maji yakiwa mafu narudi ukumbini, na pima zinapatikana. Anayeishi pwani akiipanga wiki yake kwa Jumatatu na Jumanne peke yake atahangaika. Mimi nimebandika karatasi ya mwezi mlangoni, mkubwa ndiye anayetia alama.

Msimu wa karafuu ukifika, maagizo ya majamvi ya kuanikia huja kwa pamoja, na nyumba nyingi huwa zinachambua karafuu mpaka usiku. Wakati huo nayaacha matuta manne yawe ya matembele tu, na napokea jamvi moja, si matatu. Nimewahi kupokea matatu. Nilimaliza, lakini wa kati alianza kuniita kwa jina langu badala ya mama, kwa vile ndivyo wateja walivyokuwa wakiniita mlangoni mchana kutwa. Lilinichoma, na sikurudia.

Usiku, wakishalala, nashona dhiraa moja au mbili. Nikimaliza nahesabu shazia, mbili, nazitia kwenye kopo la bati na kopo juu ya kabati. Naubana ukili kwa kibanio, upande wa kulia. Kisha nachagua chane 14 za kesho na kuziweka kando ya kitambaa, zikingoja maji ya alfajiri.